Chumba cha Milango Miwili

Mama yangu alimsifu mume wangu kwa mambo mawili tu: kushona suruali na kunyamaza. Mengine yote aliyaweka kiporo, akisubiri siku ya kuyahukumu. Mume wangu hakuwahi kuambiwa hivyo ana kwa ana, kwa sababu mama hakuwa na kawaida ya kuzungumza naye. Kwetu mkwe wa kiume husalimiwa kwa mbali, macho chini, na maneno mengine yote hupitia kwa binti. Hawakai mkeka mmoja, hawali sahani moja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja huingia shambani kwa watu mpaka mwenzake apite. Baadhi ya waliobaki Burundi wakati wa vita walikuwa wamelegeza kidogo. Sisi tuliotoka kambini Tanzania, upande wa Ngara, hatukulegeza kitu. Kule tuliishi kwa kadi na foleni na mahindi ya msaada, na mila ndiyo mali pekee ambayo hakuna ofisa aliyekuja kuikagua.

Amani ilipopatikana tulirudi Muyinga, kwenye kilima cha marehemu baba, tukamkuta ndugu yake amepanda migomba mpaka pale kilipokuwa kizingiti cha nyumba yetu. Aliapa kwamba alikuwa anatutunzia. Tulikaa vikao vya kutosha kumzeesha mtu, na mwisho tukarudishiwa nusu ya shamba, ile nusu yenye mawe. Tangu hapo mama aligawa binadamu mafungu mawili, waliorudi na waliobaki, na aliyebaki hata akimpa maji ya kunywa, mama aliyanusa kwanza. Sikumlaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nami nikaenda kuolewa na aliyebaki. Alikuwa fundi cherehani wa Magarama, mjini Gitega, aliyekuja Muyinga kushona sare za shule akaondoka na mimi. Mama alitoa baraka huku amekunja uso. "Fundi wa nguo anapima watu kwa macho," aliniambia siku ya kunisindikiza. "Wewe naye mpime."

Nilimpima. Mimi si mtu wa kuamini haraka, na sioni haya kusema hivyo. Mtoto wa kambi anajifunza mapema kwamba anayesema "njoo kesho" ana sababu yake. Mume wangu nilimpenda, lakini nilimpenda jicho moja likiwa wazi.

Mtoto wetu wa kwanza alikuja kabla ya wakati wake, katikati ya kiangazi, majira ambayo Gitega asubuhi inang'ata masikio kwa baridi. Nilipasuliwa. Nilipozinduka nilikuwa na homa iliyonifanya nione dari ikishuka na kupanda, na kidonda kilikuwa kimeanza vibaya. Waliniletea mtoto nimwone kidogo tu. Alikuwa wa kiume, ngozi yake imelegea kama nguo ya kaka aliyovalishwa mdogo, na miguu yake ilitosha kwenye kiganja cha muuguzi. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kushika miili ya watu na kuipima kwa futi, alisimama pembeni hajui amshike wapi.

"Iko mudogo sana," alisema.

Maneno hayo niliyaweka akilini. Hakusema "amefanana na mimi", hakusema "Mungu asifiwe". Alisema ni mdogo sana, kama mtu anayerudisha kitambaa dukani.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchoka. Nilimuuliza kwa nini mtoto wangu hakuwekwa kwenye kuvezi, ile mashine ya kioo ya kuwapa watoto joto.

"Kuvezi iko ya watoto wenye hawapumui vizuri, madame," alinijibu. "Wa kwenu anapumua. Chenye anakosa ni joto tu. Joto mtampa nyinyi. Tunafanya kangourou, peau à peau, ngozi kwa ngozi. Mtoto anakaa kifuani uchi, na wewe kifua uchi, munafunikwa pamoja. Mchana na usiku."

Nilitikisa kichwa kukubali huku moyoni nikisema, hizo nazijua. Hata kambini kitu kizuri siku zote kilikuwa kimejaa. Nilihisi kwamba mashine zilikuwa za watu wenye mjomba padri kule misheni ya Mushasha, na sisi tuliotoka Tanzania tulikuwa tunaambiwa kwa adabu tutumie ngozi zetu, maana hizo ni za bure. Nilimwomba mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akitembea vizuri, akapite pale kwenye mashine aniangalilie. Alirudi akasema wamo watoto wenye mipira puani, hata kulia hawawezi. Sikuridhika. Ukishazoea kushuku, hata ukweli unaupokea kwa mkono wa kushoto.

Kwa kuwa mimi nilikuwa nachemka homa na dripu mkononi, muuguzi alimgeukia mume wangu. "Papa, vua shati."

Aliangalia mlangoni, akaangalia wodi nzima ya wanawake, kisha akaniangalia mimi kana kwamba ningemtetea. Sikumtetea. Alivua.

Mama nilimpigia simu Muyinga. Mtandao ulikuwa ukikatikakatika. Nilimwambia mtoto amezaliwa mdogo, wanataka abebwe kwa njia ya kangaruu, aje haraka tupokezane. "Kanga nimesikia," alipiga kelele upande wa pili. "Nitaleta!" Akafika kesho yake na kanga mpya kabisa, ingali inanuka wanga wa dukani, akamkabidhi muuguzi kama mtu anayewasilisha dawa adimu. Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Ilibidi nimweleze mama kwamba kangaruu ni mnyama wa mbali anayemweka mtoto wake kwenye mfuko wa tumboni.

"Mnyama," mama alisema polepole. "Wametulinganisha na mnyama, na wewe umelala hapo unatafsiri."

"Mama, ni jina tu."

"Sisi mtoto tunambeba mgongoni. Mgongoni anakuwa nyuma ya mambo yako. Kifuani atasikia hasira zako zote." Aliinamisha kichwa, akaongeza kwa sauti ya chini, "Na usimzoee sana, mwanangu. Hawa wanaokuja mapema huwa wamekuja kutusalimia tu."

Mama alijua alichokuwa akisema. Kambini alizaa mtoto wa namna hiyo baada yangu, na alimzika. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka jinsi alivyorudi kutoka makaburini akaanza kuchagua maharage, hasemi na mtu. Kwa hiyo maneno yake nayo niliyaweka akilini, karibu na yale ya mume wangu.

Mama mkwe wangu mwenyewe, wa Ryansoro, hakuweza kuja. Miguu yake ilikuwa haimfikishi hata kisimani. Hivyo mtoto alibaki na watu wawili wa kumpa joto: fundi aliyebaki na mama aliyerudi. Na kwa kuwa mwanamume hawezi kukaa kifua wazi katikati ya kina mama wanaonyonyesha, hospitali iliwapa chumba kidogo mwisho wa korido, kilichokuwa kikiwekwa mashuka zamani. Kilikuwa na kitanda kimoja na milango miwili, mmoja wa koridoni na mwingine wa uani, ambako ndugu wa wagonjwa hufulia nguo. Mume wangu alikaa na mtoto kwa zamu yake, kisha mama naye kwa zamu yake, na baadaye mume wangu tena. Mimi nilikuwa wodi ya upande wa pili, nakamua maziwa kwenye kikombe, na mmoja wao alikuja kukichukua. Hivyo ndivyo nilivyoanza kupata habari.

"We muulize mama yako," mume wangu alisema, amesimama miguuni pa kitanda changu, anazungusha kofia mikononi. Nyumbani tulichanganya Kirundi na Kiswahili, na alipokuwa na jambo zito alikimbilia Kiswahili chake cha sokoni, ingawa mama mkwe alibaki kuwa "mabukwe" wa Kirundi. "Mi naingia pale, nakuta mtoto iko baridi. Miguu baridi, mgongo baridi. Kafungwa blanketi kama muhogo. Mabukwe hamuweke kwa kifua hata kidogo. Anamuangalia tu."

Zamu iliyofuata alikuja mama. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akanyoosha shuka langu ambalo halikuwa limekunjika.

"Mume wako ana kazi nyingi?"

"Kwa nini, mama?"

"Namkuta mtoto amepoa. Kila nikiingia amepoa, amelazwa peke yake kama mzigo uliosahaulika stendi. Baba yake anaingia mle kupumzika na kuangalia simu, kisha anatoka. Sisemi kitu mimi. Mimi ni mgeni hapa. Ila kikulacho ki nguoni mwako."

Nililala nikiangalia dari. Mmoja wao alikuwa akinidanganya, na aliyekuwa akilipa uongo huo alikuwa mtoto asiyejua hata kulia kwa sauti.

Kisha alikuja muuguzi na kipimajoto chake. Hakuwa na kicheko tena. Alisema mtoto anapoa mara kwa mara, na kila akipoa maziwa yote anayokunywa yanaishia kutafuta joto, hakuna yanayobaki ya kumkuza. "Madame, sijui kwenu kuna shida gani, na sitaki kujua. Lakini hivi munavyofanya, mtoto atawaponyoka." Alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemlaza pale. Nilitamani kumtupia kikombe.

Basi nikakaa kitako na kuwashtaki wote wawili kichwani mwangu. Nilianza na mume wangu, kwa kuwa yeye nilikuwa nimemjua kwa muda mfupi zaidi. Alikuwa hajawaambia watu wake wa Ryansoro kwamba mtoto amezaliwa. Nilijua kwa sababu hakuna aliyetuma hata salamu. Nilipomtajia habari ya jina alisema, "Tutaona." Mwanamume asiyetaka kutaja jina la mtoto wake anasubiri nini? Nilijijibu mwenyewe na jibu likanichoma kuliko kidonda. Anasubiri asimzike mtu mwenye jina.

Nikamgeukia mama. Yeye alikuwa ameshaniambia nisimzoee. Labda hakutaka yeye mwenyewe amzoee, na njia nyepesi ya kutomzoea mtoto ni kutomgusa. Labda alipokaa naye pale alimwona yule wa kambini. Nilimpenda mama yangu kuliko mtu yeyote duniani, na siku ile nilimshuku jambo ambalo hata mchawi hushukiwa kwa kusitasita.

Nilitega mtego. Mtoto anayekaa kifuani mwa mtu hucheua, na maziwa yaliyocheuliwa yana harufu isiyofichika hata kwa sabuni. Mume wangu alipokuja kuchukua kikombe nilimwambia ainame nimnong'oneze kitu. Aliinama. Nilivuta kola ya shati lake na kuingiza pua.

"Unafanya nini?" alishtuka.

"Nyamaza."

Kifua chake kilinuka maziwa machachu. Shati lilikuwa safi; harufu ilikuwa kwenye ngozi. Kwa hiyo huyu alikuwa akimweka. Moyo wangu ulilegea kwa furaha kidogo, kisha ukakaza kwa hofu, maana wa kushukiwa sasa alikuwa mama. Alipokuja, nilimwomba anishike nikae vizuri, nikamkumbatia shingoni na kunusa. Maziwa machachu, ndani kabisa, kwenye ngozi ya kifua chake kilichokunjamana.

"Unalia nini?" mama aliuliza.

"Silii."

Wote wawili walikuwa wakimweka kifuani, na bado mtoto alikuwa akipoa. Hapo nikaishiwa watu wa kushuku, nikaanza kushuku kipimajoto. Nikamshuku muuguzi. Nilifikiri hata kwamba mtoto aliyeko kule si wangu, kwamba mwili wake unaikataa ngozi yetu kwa sababu si ngozi yake. Homa hufanya kazi yake, lakini siwezi kuisingizia yote; nyingine ilikuwa tabia yangu.

Siku iliyofuata nikaamua kwenda kuangalia kwa macho yangu. Niliomba dripu itolewe kwa muda, nikasema nakwenda msalani. Nilishika ukuta, kidonda kikinivuta kila nilipoinua mguu, na nilichagua saa ile ambayo mume wangu hutoka na mama huingia, saa ya kupokezana. Nilitaka kuwakuta wote.

Nje ya mlango wa koridoni nilimkuta mama amekaa kwenye benchi. Amejifunika kanga yake mpya mabegani, mgongo ameupa mlango, mikono mapajani kama mtu aliye kanisani.

"Mama, mbona uko hapa? Zamu yako bado?"

"Ni zamu yangu. Nasubiri mkwe atoke."

"Bado hajatoka?"

"Sijui. Siwezi kuchungulia, yumo kifua wazi. Nasubiri nisikie mlango wa uani ukifungwa, hapo ndipo naingia."

Nilitega sikio. Chumbani hapakuwa na sauti yoyote. Nikausukuma mlango.

Hapakuwa na mtu. Kitandani kulikuwa na bunda la mablanketi limefungwa vizuri, kona zimekunjwa kwa ustadi wa fundi, na katikati yake uso wa mtoto wangu, mdogo kuliko ngumi, midomo imeanza kubadilika rangi. Alikuwa macho. Alikuwa ananitazama au anatazama mwanga, sijui, lakini alikuwa peke yake katika chumba kizima kama mtu aliyeachwa na wasafiri wenzake. Nilimgusa mguu. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Nilimfungua na kumweka ndani ya gauni langu, kwenye ngozi, homa yangu ikamfae kwa lolote, na nikaenda mlango wa pili. Uani, mbele ya kamba za kuanikia, mume wangu alikuwa amesimama. Ameupa mlango mgongo. Shati amelifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Na wewe unafanya nini hapa?"

Aligeuka nusu, kisha akajizuia. "Mi nangoja mabukwe aingie. Siwezi kwenda mbali nikaacha mtoto hana mtu. Na siwezi kugeuka, labda mama yako iko anavua blauzi."

"Umemwacha lini mtoto?"

"Muda si mrefu." Alifikiri. "Ama ni mrefu kidogo."

"Na mlango uliufunga?"

"Niliufunga polepole. Kwa heshima."

Ndipo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kuliniuma. Aliufunga mlango polepole kwa heshima, na mama hakusikia. Mama hakusikia, akaendelea kungoja kwa heshima. Mume wangu naye akawa anangoja dalili kwamba mama ameingia, na hakugeuka, kwa heshima. Zamu ya mama ilipoisha mambo yalikwenda vilevile kutoka upande wa pili: mama alimfunga mtoto, akamlaza, akatoka kwa kunyata, na mume wangu akabaki uani akihesabu kwamba bado hajatoka. Kila mmoja alipoingia alimkuta mtoto amepoa, na kila mmoja akaamini alichokuwa ameanza kuamini tangu siku ya harusi. Hakuna aliyenidanganya. Walinishitakia baridi waliyoikuta kweli, mengine wakayakisia, na mtoto alikuwa akipoa katikati yao.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani. Niliwaita wote wawili kwa sauti iliyowafanya wafuaji wasimamishe mikono.

"Ingieni humu! Wote! Mtoto anakufa kwa heshima zenu!"

Mume wangu aliingia kwa mlango wa uani akiangalia sakafu. Mama alisimama kwenye kizingiti cha koridoni, ukingo wa kanga mdomoni, hakuvuka.

"Mwambie avue shati," nikajisikia nasema, kisha nikagundua ninayemwagiza ni mama yangu na anayevua ni mkwe wake. "Hapana. Wewe, vua shati mwenyewe. Mchukue."

Alivua. Nilimbandika mtoto kifuani kwake, nikamfunika, na nikamgeukia mama. "Akishapata joto utampokea kutoka hapo. Kutoka kifuani kwake kuja kifuani kwako. Hakuna kitanda katikati. Hakuna blanketi katikati."

"Haiwezekani," mama alisema. "Bora nife."

"Hutakufa wewe, mama. Atakayekufa ni huyu."

Nilisema kwa ukali ambao binti hana haki nao. Mama alikaa chini palepale kizingitini, na mume wangu akawa anauangalia ukuta, na tukakaa hivyo mpaka vidole vya mtoto vikaanza kurudia rangi yake.

"Yule wangu," mama alianza, na sauti yake haikuwa ya mtu anayenijibu mimi, "tulimfunga blanketi mbili. Nilikwenda kuomba la tatu kwa jirani. Niliamini ni blanketi zinazokosekana." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hakuna aliyetuambia habari ya ngozi."

Nilitamani kumkumbatia, lakini kidonda kilikuwa hakinipi ruhusa ya kuinama. Mume wangu alikuwa amesikia yote, na nilimwona akimfunika mtoto kwa mkono mzima.

Mama aliinuka. Alikuja mpaka katikati ya chumba, akasimama mbele ya mtu ambaye hakuwa amewahi kumkaribia zaidi ya urefu wa ua.

"Mkwe wangu," alisema, "fumba macho."

"Nimeshafumba, mama," alijibu. Na kweli alikuwa amekaza macho kama mtoto anayesubiri sindano.

Mama naye akafumba yake. Alifungua vifungo vya blauzi chini ya kanga, akanyoosha mikono mbele, na wawili hao wakaanza kutafutana hewani kama vipofu wanaokabidhiana chungu. Mimi ndiye pekee niliyeona. Nilisema kushoto, nilisema chini, nilisema polepole jamani. Mkono wa mama ukamkosa mtoto. Ukatua wazi kwenye kifua cha mume wangu, kiganja kizima, na badala ya kuuondoa kama aliyeungua, akauacha pale.

"Ana joto," alisema.

"Mtoto?" nikauliza.

"Huyu."

Kisha akateremsha mkono, akampata mtoto, akamvuta kwake, na mtoto hakupata hata nafasi ya kuhisi hewa ya chumba. Mume wangu alitoka na shati mkononi. Safari hii aliubamiza mlango, tukasikia wote.

Kuanzia hapo kipimajoto cha muuguzi hakikuleta tena habari mbaya. Hakuuliza tulibadilisha nini. Aliingia, alipima, aliguna kidogo kwa kuridhika, akatoka. Homa yangu nayo ilishuka, nami nikapewa zamu yangu. Mara ya kwanza mtoto alipolala juu ya kifua changu nililia bila kujificha, na nilimwambia mambo ambayo nisingependa mtu mwingine ayasikie. Mume wangu aliniambia kwamba alikuwa ametuma habari Ryansoro tangu siku ya kwanza. Aliyetumwa ndiye aliyelewa njiani. Nilimwamini, baada ya kumuuliza mara mbili, kisha nikamuuliza na aliyetumwa.

Karibu na siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani nilikuwa nimekaa kitandani mle chumbani, na wao walikuwa wakipokezana kwa ule mtindo wa kufumba macho. Nilikuwa nimezoea sasa, sikuwaongoza tena. Nilikuwa nakunja nguo. Mama alikuwa amenyoosha mikono kumpokea mtoto, akasita, akanigeukia mimi na uso wa mashtaka.

"Wewe, mume wako unamlisha nini?"

"Kwa nini?"

"Amekonda huyu. Ona mbavu zilivyotoka. Mwanamume wa watu anakaa hapa siku zote hizi na binti yangu hamuulizi kama amekula!"

Niliacha kukunja nguo. "Mama, hizo mbavu umezionaje?"

Mama akabaki mikono mbele, macho yake yote mawili wazi, hana pa kuyapeleka. Mume wangu alijaribu kujikaza, akashindwa, mabega yakaanza kumtikisika.

"Na wewe usicheke," mama akamwambia, akimtazama usoni. "Utamwamsha mtoto."